Siku Kirui Alipokwama Juu ya Bonde

Chelangat mwanangu,

Nakusikia upande wa pili wa ukuta ukifungua sanduku na kulifunga tena. Baba yako yuko nawe, anakukumbusha blanketi, sufuria na watu wa kupigia simu ukifika. Nimemwachia kazi hiyo kwa sababu anaiweza kuliko mimi, na kwa sababu wewe na mimi hatujasemezana vizuri tangu Jumapili. Kesho gari lenu likishapita Mulot utakuwa mikononi mwa watu wengine, na nisipoandika jioni hii, neno nililolisema mezani ndilo litakalosafiri nawe.

Nalirudia hapa ili tusijifanye halikusemwa. Ulirudi kutoka kanisani umefurahi, ukajimiminia maziwa ya mursik, ukasema umethibitisha nafasi yako ya uhandisi wa mitambo na kwamba Dokta Wambui amekuambia umtafute wiki ya kwanza. Nikaweka kijiko chini nikasema, "Nenda. Lakini mimi sitakuja kukuzika kwa sababu ya waya." Baba yako aliniangalia kana kwamba nimemmwagia maji ya moto. Kwetu neno la namna hiyo kutoka kwa mzazi halichukuliwi kama hasira tu, watu huliogopa. Wewe ulibeba sahani yako jikoni, ukaiosha, na tangu hapo unaniitikia "ndiyo, Mama" na "sawa, Mama" kama mfanyakazi anayengoja mwezi uishe.

Nataka ujue neno lile lilitoka wapi. Ukishajua, utalipima mwenyewe.

Nilipoingia chuoni kusomea uhandisi, wasichana tulikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akikosa darasa, mhadhiri alijua bila kuita majina. Karakana ilikuwa ya wavulana. Mashine ya kukerezea chuma ilipogawiwa vikundi, mimi nilipewa kuandika vipimo, wao wakashika mashine. Nilipoomba zamu yangu nilijibiwa kwa upole sana, "Subiri kidogo, dada." Nikasubiri muhula mzima. Muhula wa pili nikaacha kusubiri. Nilisimama mbele ya ile mashine nikapaza sauti hadi fundi mkuu akatoka ofisini kwake, na siku hiyo nikakereza chuma changu cha kwanza, kibaya, kimepinda, lakini changu.

Kutoka hapo nikajua sauti yangu ni chombo cha kazi. Nilipobaki chuoni kama mhadhiri, niliitumia kwenye mikutano ya idara ambapo mawazo yangu yalikuwa yakisemwa upya na mwanaume na kupongezwa. Niliitumia kwenye maabara, mwanafunzi akitaka kuwasha kitu ambacho hakijakaguliwa. Wanafunzi walikuwa wakisema Dokta akipiga kelele hata mota inazima. Nilijivunia hilo. Sikuwahi kujiuliza ni lini sauti inasaidia na ni lini inavunja.

Sasa sikiliza habari za Chepseon. Ulikuwa darasa la tatu. Kanisani wamekuambia mara nyingi kwamba mama yako alimwokoa mwanafunzi juu ya bonde. Uliandika hata insha juu yake, nami nikakuacha uiandike. Habari yenyewe haikuwa hivyo.

Pale chini ya Chepseon kuna mteremko mkali wenye majani chai upande mmoja, na barabara ya lori upande wa pili, na katikati bonde lenye mto. Wakulima walikuwa wakibeba majani mgongoni, wanashuka hadi mtoni na kupanda tena mpaka kituo cha kuuzia. Mvua ikinyesha wanateleza, na majani yakichelewa yanachemka ndani ya gunia na karani anayakataa. Wanafunzi wangu wawili wa mwaka wa mwisho walichagua tatizo hilo kuwa mradi wao. Mmoja ni Wambui, ambaye wewe unamwita Dokta leo. Familia yao ilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kericho, watu waliotoka Mkoa wa Kati zamani wakakaa huku. Alikuwa mkimya, mwenye maswali yanayochosha. Mwingine ni Kirui, kijana wa huku kwetu Bomet, mcheshi, mwenye mikono mizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Wazo lao lilikuwa rahisi: waya mnene wa chuma uvuke bonde, kigari kidogo kining'inie juu yake kikiwa na magunia ya majani, na kamba nyembamba ivutwe na winchi ya mota kutoka upande wa barabara.

Tulifanya kazi ile karibu mwaka mzima. Mahesabu kwenye ubao wa ofisi yangu, kigari kwenye karakana, wakati mwingine tukigombania mashine ya kuchomelea na vikundi vingine vyenye miradi yao. Upande wa barabara tuliufunga waya kwenye mwamba. Upande wa mashamba hakukuwa na mwamba, kwa hiyo tulichimba shimo, tukamwaga zege, tukaufunga waya kwenye lile bonge la zege lililofukiwa ardhini. Tulijaribu kwa mifuko ya mchanga, ikaenda na kurudi vizuri. Sheria ilikuwa moja, nami niliisema kila tulipokwenda: hakuna mtu kupanda.

Siku ya kuwaonyesha wakulima, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kukatika asubuhi. Watu walijaa pande zote mbili. Wambui alikuwa ng'ambo, upande wa barabara, kwenye winchi. Mimi na Kirui tulikuwa upande wa mashamba. Tuliwasiliana kwa simu. Majani ya kwanza yalikuwa ya Mama Chepng'eno, mjane mmoja aliyetuazima sehemu ya shamba lake tuweke ile zege. Kirui alipakia magunia yake kwenye kigari, na hapo Mzee Koros, jirani yake, akauliza kwa sauti ili wote wasikie:

"Hii waya yenu inaweza beba mtu?"

"Ni ya majani, mzee," nikamwambia.

"Sijauliza hivyo. Nimeuliza kama nyinyi wenyewe mnaiamini."

Watu wakacheka. Kirui naye akacheka. Nikampa Wambui ishara avute, kigari kikaondoka taratibu, nami nikageuka kumjibu mzee. Nilipogeuka tena, Kirui alikuwa amekanyaga ukingo wa kigari na kurukia juu ya magunia. Alikuwa amekaa huko kama mtu aliye sebuleni kwake, anawapungia mkono, na watu wanapiga makofi.

Alikuwa bado karibu. Ningemwambia Wambui kwa utulivu, "Punguza, simamisha polepole, umrudishe," angerudi na ningemgombeza mpaka machozi yamtoke, na habari ingeishia hapo. Mimi nilipiga kelele. Nilipaza ile sauti yangu ya karakana ndani ya simu: "Zima! Zima sasa hivi!" Wambui alikuwa mwanafunzi wangu, alikuwa ameizoea sauti ile, akafanya alichofundishwa. Akazima kwa mpigo mmoja.

Kigari kilikuwa kimeshafika katikati kwa vile sekunde za mimi kushangaa zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Kiliposimama ghafla kikayumba mbele na nyuma, kamba ya kuvutia ikaruka kutoka kwenye mfereji wa puli upande wa Wambui, ikajibana kati ya gurudumu na bamba la chuma. Haikuweza kuvutwa mbele wala kurudi nyuma. Kirui akaacha kupunga mkono.

Halafu mtoto mmoja wa Mama Chepng'eno akasema, "Udongo unapasuka."

Nilitazama miguuni pangu. Nyuma ya zege, kwenye udongo mwekundu uliolowa, ulikuwa umefunguka mstari. Mwanzoni ungeweza kuingiza ukucha. Kigari kilipoyumba tena, ungeweza kuingiza kidole.

Mwanangu, utasoma vitabu vizuri vinavyoeleza udongo uliolowa unavyoshika zege, na utafaulu mitihani yake. Hakuna ukurasa utakaokuambia jinsi ya kuutazama mstari ule huku mtoto wa mwenzako amekaa katikati ya waya. Nilimpigia Kirui simu. Nilimwona akiitoa mfukoni kwa vidole viwili.

"Dokta, samahani."

"Usiombe samahani. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Usisimame. Una mkanda?"

"Niko na mshipi wa suruali tu."

"Utoe, jifunge nao kwenye chuma cha kigari."

Nikamsikia akihema. Watu walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Vijana wakashika waya kwa mikono wakisema tuvute wote kwa pamoja. Wengine wakaja kukaa juu ya ile zege ili waizidishie uzito, kwa nia njema kabisa. Niliwafukuza. Kama zege ile ingeng'oka, waya ungewakata kama fyekeo, na pale walipokaa ndipo ungeanzia. Hawakunielewa. Mmoja akaniambia usoni, "Madam, huyo kijana akianguka ni juu yako." Nikamwambia, "Najua. Sogea nyuma."

Upande wa msituni mawingu yalikuwa yakiinuka. Unajua mvua ya huku, mchana ikishapanga haina mjadala. Udongo ule ukinyeshewa tena, zege haingekaa.

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kupunguza uzito. Nikamwambia Kirui avute gunia moja alitupe mtoni. Nilikuwa nimewaunganisha wote wawili kwenye simu moja, yeye na Wambui, na kabla hajalishika gunia nikasikia sauti ya Wambui, ndogo, lakini bila kutetemeka:

"Dokta, hapana. Akitupa gunia zima, waya utaruka juu halafu urudi chini kwa nguvu. Zege itavutika."

Nilikuwa nimejaza kifua kumnyamazisha. Nakwambia ukweli, pumzi ilikuwa imeshafika kooni. Wewe hujui ni jambo gumu kiasi gani, umezoea kuwa mwenye sauti, watu wanakutazama, na msichana wa miaka ya chuo anakwambia hapana. Niliimeza ile pumzi. Nikauliza, "Unaonaje?"

"Afungue gunia. Atoe majani kwa mikono. Kidogo kidogo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kirui alifungua gunia la kwanza akaanza kuchota majani kwa viganja na kuyaachilia. Yalianguka kijani kibichi, yakapeperuka, yakatua mtoni. Watu waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza, nadhani kwa sababu kila mmoja pale alijua kazi ya kuchuma gunia moja, na sasa waliliona likimwagwa. Mama Chepng'eno alisimama kando yangu amefunga mikono kwenye leso. Sikuweza kumtazama. Akasema tu, "Majani yataota tena."

Nilizungumza na Kirui muda wote. Nilimwuliza habari za ng'ombe wa kwao, za dada yake aliyeolewa Mulot, za nani alimwibia kikokotoo mwaka wa pili. Alinijibu kwa maneno mafupi. Mara moja mikono ikamwisha nguvu, akaacha, akasema, "Dokta, siwezi tena, acha niruke mtoni tu." Chini yake kulikuwa na mawe. Nikamwambia apumzike, ahesabu pumzi zake, asitazame chini, aniangalie mimi. Alikuwa mbali, sidhani aliniona. Lakini aligeuza kichwa upande wangu.

Huku nyuma, mstari kwenye udongo ulikuwa umeacha kukua upesi, lakini haukuwa umesimama. Nilijua hatuwezi kumvuta zege ikiwa hivyo. Nikauliza kama kuna minyororo. Mzee Koros, yule aliyeuliza swali, akaenda, akarudi na minyororo ya jembe lake la ng'ombe na ya jirani. Nyuma ya zege kulikuwa na visiki vinene vya mikaratusi iliyokatwa zamani, mizizi yake ikiwa bado hai. Kuifunga minyororo ilibidi mtu alale kifudifudi kando ya zege, palepale nilipowafukuza watu. Nilisema nitafunga mwenyewe. Nilipolala chini, mzee akalala upande wa pili.

"Mzee, toka hapa," nikamwambia.

"Mimi ndiye nilimchokoza kijana," akasema. "Nipe ncha ya mnyororo."

Tulifunga. Mnyororo uliponiteleza kwa matope, aliushika yeye. Nakumbuka harufu ya udongo na ya jasho lake, na waya ukilia juu ya vichwa vyetu kama mbu. Tulipoinuka, minyororo ilikuwa imekazika, nami nikaona kwa mara ya kwanza ule mstari umetulia.

Magunia yalipobaki matupu, kamba ng'ambo ikalegea. Wambui akaiinua kwa mtaimbo, akairudisha kwenye mfereji wa puli. Kisha akaniuliza, "Dokta, nianze?" Nikamwambia, "Wewe ndiye unaiona. Anza ukiwa tayari." Hakutumia mota. Alizungusha winchi kwa mkono, pole sana, yeye na dereva wa lori la majani, na kigari kikaanza kusogea kuelekea kwao. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka Kirui akiwa hajafika. Wambui alinisimulia kwamba Kirui alipofika hakuweza kufungua mshipi, ikabidi wamkatie. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Alicheka, halafu akaenda nyuma ya lori akatapika, halafu akakaa kwenye matope akalia kama mtoto.

Mvua kubwa ikaja. Usiku ule zege ilisogea hadi minyororo ikaizuia, na asubuhi tukaukata waya.

Hiyo ndiyo habari ya wokovu wangu. Kamati ya kitivo iliitwa. Nilieleza mbele yao kila kitu kama nilivyokueleza, pamoja na kelele zangu, na wengine waliona nimejionea mno. Walitaka kumfukuza Kirui; tukabishana, mwishowe akarudia mwaka. Sasa yuko kwenye kiwanda kimoja cha maziwa, ana watoto, na kila Krismasi ananitumia ujumbe mfupi usiotaja bonde.

Kosa langu kubwa, mwanangu, si la siku ile. Siku ile niliogopa, na mwenye kuogopa hupiga kelele. Kosa ni nililofanya baadaye, miaka mingi, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nimetulia.

Muhula uliofuata Wambui alikuja ofisini na mchoro mpya. Alikuwa amebadilisha nanga za kushikia waya ardhini, akaweka breki inayosimamisha taratibu, akaweka wavu chini ya kigari. Alitaka kuufanya uwe utafiti wake wa uzamili, nami niwe msimamizi. Sikuufungua ule mchoro. Nilimwambia, "Mradi ule umekufa, Wambui. Tafuta kitu cha kompyuta." Akasema, "Dokta, wale watu bado wanabeba mgongoni." Nikamwambia nina darasa. Sikuwa na darasa.

Baada yake walikuja wengine. Kijana mwenye mtambo wa kukaushia majani kwa mvuke. Nikamwambia mvuke unaua. Wasichana wawili waliotaka kuweka mota ya maji kwenye kijito. Nikawarudishia karatasi zao mara nyingi hadi wakachoka. Wenzangu waliniita makini, nikapenda jina hilo. Watu walipandishwa vyeo juu ya tafiti zao, mimi nikasahihisha mitihani. Kwenye idara yetu hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuumia tena, kwa sababu hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kujenga kitu tena. Nilikuwa nimegeuka yule wa karakana aliyeniambia nisubiri kidogo.

Na wewe ulipoanza kufungua redio za baba yako na kuuliza maswali, nilifurahi mbele za watu, nikikosa usingizi faraghani. Nilikusukuma kwenye uhasibu, kwenye ualimu, hata kwenye kilimo. Jumapili ulipotaja Wambui, nilikuona umekaa juu ya magunia. Ndipo neno likatoka.

Jumanne niliwaambia naenda Kericho kwa daktari wa macho. Nilikwenda Chepseon. Tangu tulipokata waya sikuwa nimeshuka kwenye lile bonde. Hata nikiwa na safari ya upande ule nilikuwa napita bila kugeuza shingo. Nilikuwa nimesikia kwamba Wambui alirudi na chuo chake kipya wakaujenga upya. Sikuwa nimetaka kuuona. Nilimpigia simu nikamwomba tukutane, akakubali kana kwamba alikuwa akiingoja simu hiyo.

Upo, mwanangu. Waya ni mnene zaidi, nanga zimeingia ardhini mbali sana. Nilisimama pembeni nikaona majani yakivuka. Wanafunzi wake walikuwa kazini, na msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mdogo, ameshika mwavuli, akainua mkono tu, hakusema kitu. Winchi ikapunguza mwendo, ikasimama taratibu. Aliona gunia limekaa vibaya. Wakalikaza, wakaendelea. Hakuna aliyemgombeza kwa kuwachelewesha.

Nilimwuliza Wambui, "Chelangat atakuwa salama kwako?"

Alifikiri. Ningependa anidanganye, hakunidanganya. "Sijui, Dokta," akasema. "Najua nitakuwa pale. Na najua akisema hapana, nitamsikiliza."

Nilimwomba msamaha kwa ule mchoro. Akasema, "Ulinifundisha kuuliza 'unaonaje'. Siku ile tu. Lakini hiyo moja imenitosha." Tukasimama tukitazama lori likijaa.

Kwa hiyo sitakushauri uogope wala usiogope. Chuoni utakutana na wahadhiri wa kila aina. Kuna atakayekufundisha mambo ambayo yeye mwenyewe hayaelewi na asikiri. Kuna atakayechukua kazi yako akaiita yake. Kuna mtihani utakaokuangusha, mimi uliniangusha wa joto na nishati, nikadhani dunia imeisha. Utaona rafiki akinakili ripoti ya maabara, na atataka uijaze yako kwa vipimo ambavyo hamkuvipima. Siwezi kuwa pale, na nimegundua sipaswi kuwa pale. Ninachoomba ni kimoja: siku utakapokuwa wewe mwenye simu mkononi na mwenzako yuko hatarini, na mtu mdogo kuliko wewe akakwambia hapana, uimeze pumzi yako. Umsikilize kwanza. Kama amekosea mtajua pamoja.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye mdogo, sema. Hata mhadhiri akiwa na sauti kama yangu. Hasa akiwa na sauti kama yangu.

Baba yako amenyamaza sasa. Nadhani sanduku limefungika. Aliniambia mapema kwamba mtaondoka alfajiri, kabla ng'ombe hawajamaliza kukamwa, na kwamba nisijisumbue kuamka kwa sababu umesema utaniaga leo. Lakini hujaja kuniaga leo, nami sikulaumu.

Neno nililosema siwezi kulifuta kwa karatasi. Kwetu neno la mdomo hutenguliwa na lingine la mdomo. Kwa hiyo kesho usipite mlangoni kwangu kwa kunyata. Ingia. Kama bado una hasira, ingia nayo. Washa taa, nishike bega, hata kama unaniona nimefumba macho. Nataka nikuwekee mkono kichwani na kusema nenda, mwanangu, ukajenge, na ulisikie neno hilo kwa masikio yako kabla gari halijawashwa.

Mama yako.